Namna ya kupata maandishi ya Kiswahili katika maktaba za Nairobi

Katika maktaba nyingi za Nairobi, askari wa getini atakusalimu kwa Kiswahili, fomu utakayojaza itakuwa ya Kiingereza, mkutubi atakujibu kwa lugha utakayoanza nayo wewe, na kompyuta itaelewa Kiingereza tu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Katalogi bado haijakisoma.

Haya niliyajua kwa kuaibika. Nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, msimamizi wangu alinituma nikatafute vitabu kuhusu tenzi. Nilienda maktaba moja kubwa, nikaandika "tenzi" kwenye kompyuta, vikaja vitabu viwili, kimoja kimeazimwa. Nilikuwa nimeanza kufunga daftari mzee mmoja aliyekuwa akirudisha vitabu rafuni aliponiuliza, "Umetafuta kwa jina gani, kijana wangu?"

"Tenzi, mzee."

"Hiyo mashine haijui tenzi. Iambie Swahili poetry."

Kisha hata hakungoja niandike. Alinipeleka hadi kwenye rafu iliyojaa kutoka magotini hadi juu ya kichwa changu. Mwongozo huu ni yale aliyonifunza mzee huyo siku ile, pamoja na yale niliyojiokotea baadaye. Ni wa mwanafunzi, mwalimu, mwandishi, au yeyote anayetaka kusoma kwa Kiswahili katika mji huu bila kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya kwanza: andaa orodha yako nyumbani

Usipande matatu ukiwa na mada kichwani tu. Chukua karatasi, uigawe mara mbili. Upande mmoja andika maneno yako ya Kiswahili: ushairi, methali, fonolojia, historia ya Mombasa, chochote. Upande wa pili andika jinsi mkutubi aliyesomea Kiingereza angeyaita. Ukikwama upande wa pili, tafuta kitabu kimoja tu unachojua kipo, ufungue kurasa zake za mwanzo ambako mchapishaji ameweka maelezo ya maktaba. Maneno yaliyomo humo ndiyo katalogi inayotumia.

Hatua ya pili: ongea na katalogi kwa lugha yake, kisha kwa yako

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, jina la lugha yenyewe. Vichwa vya mada katika katalogi hutumia "Swahili", bila "Ki". Ukiandika "Kiswahili" utapata vitabu vyenye neno hilo kwenye jalada, na wingi wake ni vya kiada vya shule. Vile vya kitaaluma, hasa vilivyochapishwa Uingereza, Ujerumani na Marekani, vitajificha. Kwa hiyo jaribu "Swahili language", "Swahili poetry", "Swahili fiction", "Swahili drama". Methali ziko chini ya "Proverbs, Swahili", zimegeuzwa kinyumenyume kama jina la mtu kwenye rejista ya darasa. Kwa vitabu vikongwe vya Wajerumani jaribu pia "Suaheli" na "Suahili".

Pili, tatizo ambalo programu hizi hazikuundwa kulitatua. Maktaba nyingi nchini hutumia programu iitwayo Koha, na kama nyingine za aina yake, inakuruhusu kukata neno mwishoni na kuweka nyota. Mwingereza anafurahi, kwa sababu maneno yake hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi: kwa binadamu ni ukoo mmoja, kwa kompyuta ni watu watano wasiojuana. Utendi na tendi, utenzi na tenzi, vivyo hivyo. Hakuna njia ya mkato. Andika kila umbo kivyake, umoja na wingi, kisha ulinganishe matokeo. Nimewahi kupata kitabu kwa "diwani" ambacho "mashairi" na "ushairi" vilishindwa kukitoa.

Tatu, majina ya waandishi. Desturi ya katalogi ni kutanguliza jina la ukoo, na jina la ukoo ni dhana isiyotukaa sawasawa sisi sote. Shaaban Robert (1909–1962) utamkuta maktaba moja chini ya Shaaban na nyingine chini ya Robert. Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, anaweza kuwa Muyaka, Haji, au hata "bin Haji". Jina lenye "bin", "binti", "Sheikh" au "Mwalimu" litafute kwa kila kipande chake. Tahajia nayo iangalie: Abdallah na Abdalla, Shaban na Shaaban, Mohamed kwa namna zake zote.

Nne, hazina za tasnifu mtandaoni. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta kila kimoja kina hazina yake, na tasnifu nyingi husomeka bure hata ukiwa kitandani Kayole. Kizungumkuti ni kwamba ukiandika "Kiswahili" utafurikiwa na tasnifu za Kiingereza kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule za upili za kaunti fulani. Si mbaya, lakini sizo ulizozitaka. Ujanja wangu ni huu: sisi watu wa idara za Kiswahili tuna mazoea yetu ya kuipa kazi anwani. Andika "usawiri", "uhakiki", "dhima", "mtindo", "taswira" au "uchanganuzi". Maneno haya hayapo katika Kiingereza, kwa hiyo hayaokoti takataka. Andika "ikisiri" pia, yaani ule muhtasari wa mwanzoni mwa tasnifu. Kazi yenye ikisiri mara nyingi imeandikwa kwa Kiswahili tangu jalada hadi marejeleo.

Hatua ya tatu: kariri namba chache za rafu

Katalogi ikizima, stima ikipotea, au kompyuta moja iliyopo ikiwa na foleni ya makomredi kumi, namba ndizo zitakuokoa. Maktaba za umma kwa kawaida hufuata mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi yake ni 896.392. Hadithi za jadi ziko 398.2, methali 398.9, Uislamu 297, historia ya Kenya 967.62.

Maktaba nyingi za vyuo vikuu hufuata mpango wa Maktaba ya Congress ya Marekani. Humo Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704, sarufi na riwaya zikiwa jirani wa karibu. Ukishafika PL8704, acha kutafuta na uanze kupitia migongo ya vitabu kimoja kimoja. Nusu ya vitabu vilivyonifaa maishani nilivikuta kando ya kile nilichokuwa nimetumwa kukichukua.

Tahadhari moja tu. Kitabu cha historia, dini au kilimo kilichoandikwa kwa Kiswahili hakikai na Kiswahili, kinakaa na mada yake. Kwa upande mwingine, baadhi ya matawi ya umma hutenga pembe ya riwaya za Kiswahili isiyofuata namba yoyote. Uliza.

Hatua ya nne: chagua mlango wa kubisha

Msomaji asiye na kadi ya chuo na aanzie katikati ya mji. Maktaba ya McMillan iko Mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, nguzo nene na simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, ikajengwa kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri kutoka Marekani ambaye kaburi lake liko Ol Donyo Sabuk. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Milango ilifunguliwa kwa wote baraza la jiji lilipoichukua. Kinachokufaa humo zaidi ni magazeti na majarida ya zamani ya Afrika Mashariki. Jengo limekuwa katika mpango wa ukarabati, kwa hiyo hakikisha liko wazi kabla ya kutoka nyumbani. Matawi yake ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, yamekwisha kukarabatiwa, na kwa mtu anayetaka meza na utulivu tu, ningeyapendekeza kabla ya maktaba yoyote ya mjini.

Huduma ya Maktaba za Kitaifa, ambayo watu huiita KNLS, iliundwa kwa sheria ya Bunge 1965. Maktaba kuu iko Upper Hill, upande wa Community, na ukiwa Uhuru Park unafika kwa miguu. Tawi la Buruburu unalifikia kwa matatu za 58. KNLS ndiyo inayotoa namba za ISBN, zile za kutambulisha kila kitabu, nchini na kuandaa orodha ya vitabu vya taifa, na orodha hiyo ni dhahabu kwa mtu anayetaka kujua ni vitabu gani vya Kiswahili vilichapishwa Kenya mwaka fulani. Usiombe "kitabu". Omba "bibliografia ya taifa" ya mwaka unaoutaka, uipitie sehemu ya Kiswahili, kisha uende kutafuta vitabu vyenyewe kokote viliko.

Vyuo vikuu sasa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kikapokea wanafunzi 1956, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Maktaba yake kuu ni ile ya ukumbusho wa Jomo Kenyatta, katika bewa kuu karibu na University Way. Kenyatta, iliyopata hadhi ya chuo kikuu 1985, iko Kahawa, na matatu yoyote ya Thika Road inayopita hapo itakushusha getini. Kwa Kiswahili, nikilazimishwa kuchagua kimoja, naenda Nairobi kwa vitabu vikongwe na Kenyatta kwa nafasi ya kukaa. Wapo watakaonipinga, na wengi wao walisomea Kenyatta.

Msikiti wa Jamia una maktaba yake, na kwa fasihi ya dini ni jirani mzuri wa McMillan. Makumbusho ya Taifa ina maktaba pale Museum Hill. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki huko Kileleshwa inafaa kwa akiolojia na historia ya pwani. Nyingine zipitie mwenyewe.

Hatua ya tano: getini na mezani

Beba kitambulisho cha taifa, picha ndogo mbili za pasipoti, na barua ya utambulisho kutoka chuoni au kazini kwako. Barua iwe na mhuri. Nairobi mhuri unafungua milango ambayo akili haifungui. Kama huna chuo wala mwajiri, nenda maktaba za umma kwanza, kisha ukiwa na mada iliyokomaa umwandikie mkutubi mkuu wa chuo ukiomba kusoma humo humo bila kuazima. Vyuo vingi humtoza msomaji wa nje ada ya siku au ya mwezi. Taasisi za serikali zimehamishia malipo kwenye eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, basi fungua akaunti mapema na uwe na salio kwenye simu. Usiende na noti mfukoni ukitegemea zitapokewa.

Begi utaliacha mlangoni. Beba faili la plastiki ngumu linaloonyesha ndani au bahasha, utie daftari, chaja na kalamu. Mwezi wa Julai beba sweta, maana majengo ya mawe ya mji huu huhifadhi baridi kama mtungi.

Kuhusu lugha: anza kwa Kiswahili. "Habari ya asubuhi, naomba usaidizi kidogo" itakupeleka mbali kuliko Kiingereza cha ofisini, hasa kwa wahudumu wa rafu. Ukishafika kwenye jina la mada, ndipo uchanganye. Sema, "Natafuta vitabu vya ushairi, ile sehemu ya Swahili poetry." Hakuna atakayekucheka, kila mtu mjini huongea hivyo. Aliye mkubwa kwako mwite mzee au mama, si "boss". Mkutubi ukimpa dakika mbili za kueleza utafiti wako badala ya kumpa jina la kitabu pekee, mara nyingi atakumbuka kitu ambacho hukujua kukiuliza.

Ukiambiwa "hatuna", uliza swali la pili: "Kimeandikwa kwenye katalogi lakini hakipo rafuni, au hakimo kabisa?" Ni mambo mawili tofauti. Kisichopo rafuni huenda kiko kwenye meza ya kurudishwa, kwa mfunga vitabu, au kimefichwa na mwanafunzi anayekaribia mtihani, kwenye rafu ya uhandisi ambako hakuna atakayekitafuta. Nimewahi kukikuta kimoja huko, katikati ya vitabu vya saruji.

Hatua ya sita: ingia Archives, usiishie kukutana nje yake

Wakazi wengi wa Nairobi wameshaambiwa "tukutane Archives", na wengi wao hawajawahi kuvuka kizingiti chake. Ni jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, na zamani lilikuwa benki. Hifadhi yenyewe iliundwa kisheria 1965. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili, aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa vitabu. Uangalie ukitoka, si ukiingia, la sivyo siku itaisha hapo.

Chumba cha watafiti kina taratibu zake. Utajisajili na kulipa ada ya msomaji. Kama utafiti wako ni wa chuo na tayari una leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, beba nakala yake. Humo hupewi kitabu kutoka rafuni. Unatafuta namba ya faili katika miongozo, unajaza karatasi ya ombi, unangoja. Omba faili kadhaa kwa mpigo kadiri unavyoruhusiwa, maana kungoja moja moja kunamaliza asubuhi. Chukua penseli, na uulize kuhusu kupiga picha kabla hujatoa simu.

Kwa Kiswahili, anza na faili za pwani: zinazoanza na PC/COAST ni za mkuu wa mkoa wa Pwani, DC/MSA ni za wilaya ya Mombasa. Utawala wa kikoloni huko ulipitia kwa maliwali na mamudiri, yaani maofisa wenyeji wa serikali, na makadhi, na watu hao kwa kawaida hawakuandikiana Kiingereza. Majina ya faili yako kwa Kiingereza, kwa hiyo usitafute neno "Kiswahili". Tafuta malalamiko, ardhi, wakfu, mirathi, shule. Ufunguapo faili la malalamiko ya ardhi ndipo utakapokutana na barua ya raia, kwa Kiswahili cha mtu anayetaka kusikilizwa. Kwa mwanaisimu, ukurasa mmoja wa aina hiyo una kazi ya wiki nzima.

Nairobi yenyewe ina hisa katika historia ya lugha hii kuliko tunavyojisifia. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa na makao yake hapa kuanzia 1942 hadi ilipohamia Makerere 1952. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1948, ilitoa vijitabu vingi vya Kiswahili kuhusu ufugaji, afya na hadithi. Vijitabu hivyo vyembamba ndivyo hupotea kwanza katika maktaba, kwa sababu havina mgongo wa kubandika namba. Waulize wakutubi kama vimewekwa ndani ya makasha.

Hatua ya saba: usisahau Hansard na magazeti

Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Kiingereza kilirudishwa kando yake miaka michache baadaye, 1979. Ile miaka ya katikati ni hazina isiyochimbwa: wabunge kutoka kila pembe ya nchi, wengine wakihangaika na ngeli, wakibishana kuhusu mahindi na barabara, na makarani wakiyanakili. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, za wakati huo ziko katika maktaba kubwa za mji. Ziombe kwa mwaka na mwezi, si kwa mada.

Kwa magazeti, Baraza lilianza 1939 na Taifa Leo ni gazeti la kila siku tangu 1960. Magazeti makuukuu hukatika ukiyafungua kwa pupa. Geuza ukurasa kwa viganja viwili, na usiegemeze kiwiko juu yake.

Hatua ya nane: kisichopatikana hapa

Miswada ya kale kwa hati ya Kiarabu usiisake Nairobi. Mingi imo Dar es Salaam na London, na sehemu ya ile ya SOAS, chuo cha London cha masomo ya Afrika na Asia, inasomeka mtandaoni. Jarida la Swahili Forum nalo ni la bure kwenye intaneti. Kwa majarida ya Dar kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, kagua chumba cha majarida cha chuo kabla ya kulipia makala popote.

Ukitaka nakala yako mwenyewe, kuna ofisi za Kenya Literature Bureau pale South C, na kuna maduka ya inama, wale wauzaji wanaotandika vitabu kando ya barabara katikati ya mji. Fasihi teule, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, zikibadilishwa katika mtaala wa shule, za zamani huishia kwa watu wa inama. Nenda Jumamosi asubuhi, muulize muuzaji kama ana "za zamani za Kiswahili", na usionyeshe furaha ukiipata uliyokuwa ukiitafuta, maana bei huipanga kwa kukutazama usoni.